Mawe ya Kutupwa

Tamthilia za kihistoria kuhusu Afrika ya wakoloni zina kipande kimoja kisichokosekana kila anapoingia mjiolojia. Mzungu wa kaptula ya kaki, soksi zimepandishwa hadi chini ya magoti, anatembea nyikani. Jua la utosi, nyenje wanalia. Anasimama ghafla, anapiga goti, anaokota jiwe, analipangusa vumbi kwa dole gumba, kisha analilamba. Kamera inamsogelea usoni mpaka jasho la kwenye nyusi linaonekana tone kwa tone, muziki unapanda, na sisi tuliokaa sebuleni tunaelewa kwamba nchi hii haitalala tena ilivyokuwa ikilala. Huko kulamba si chumvi ya mwandishi wa mchezo. Wajiolojia hulamba mawe kweli: jiwe likilowa rangi yake hukolea na chembe zake hujitenga, na nyikani mate ni maji yasiyohitaji mchukuzi. Ulimi basi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na ule ukungu wa lenzi. Nyuma ya bega la bwana huyu, mahali kamera ilipoamua pasionekane sawasawa, wamesimama watu watatu au wanne wenye ndoo, sururu na chekecheke. Mchezo mzima hawana la kusema, na wakibahatika kupewa neno huwa ni la kuitikia.

Nimelitazama kundi hilo la nyuma zaidi kuliko nilivyomtazama mwenye kaptula, kwa sababu kazi ya kutafuta almasi yenyewe hufanyika huko nyuma. Almasi ni haba kuliko tunavyodhani. Mgodi wa Mwadui, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, umekaa juu ya mmoja wa miamba mipana kabisa ya almasi iliyopata kuchimbwa duniani, kiasi cha hekta 146, na bado katika miaka ya karibuni umekuwa ukitoa kama karati 6 tu kwa kila tani 100. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Malori kadhaa ya mawe husagwa na kuoshwa ili kipatikane kitu cha kuwekwa kwenye ncha ya kidole. Hakuna jicho, liwe la Mzungu au la Msukuma, linaloweza kupita porini likaiona almasi kwa kuipania. Kinachotafutwa kwanza ni jamaa zake: ganeti nyekundu kama punje za komamanga, na ilmenaiti nyeusi. Mawe hayo hupanda na almasi kutoka chini ndani ya mwamba uitwao kimbalaiti, na kwa kuwa ni mengi mno kuliko almasi, mvua za miaka na miaka huyatawanya mabondeni na vijitoni. Mtafutaji huyafuata kinyumenyume. Hupima mistari porini, huchimba kishimo kila baada ya hatua kadhaa, huchota changarawe, huizungusha majini ndani ya chekecheke mpaka chembe nzito zikusanyike katikati, kisha hulipindua chekecheke chini na kuinama kutazama. Aghalabu haoni kitu. Husogea, huchimba tena. Ganeti zikiongezeka anajua anaelekea. Zikipungua ameupa kisogo mwamba wake na inambidi arudi alikotoka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao walioinama walikuwa wengi, na waliinama kwa misimu. Hapo ndipo tamthilia inapokwama. Utamwonyeshaje mtazamaji mtu anayeinama mara elfu na kuinuka bila kitu? Mhariri atakata. Atabakiza kuinama kumoja, kule kulikozaa matunda, na atamkabidhi mtu mmoja ambaye tumekwisha kufundishwa kuupenda uso wake. Na ganeti? Ganeti ikishatoa ushahidi hutupwa. Huhesabiwa mezani, huwekewa alama kwenye ramani, kisha hufagiliwa na vumbi. Mgodi hauziuzi. Ziliijua njia, zikaionyesha, kazi yake ikaisha. Ninapowatazama wale watu wa ukunguni na ndoo zao, siwezi kuacha kuona kwamba historia iliwatendea vile vile ilivyozitendea ganeti.

Mjiolojia wa kwanza kunijia akilini ninapoitafakari tamthilia ya namna hii ni John Thoburn Williamson, Mkanada aliyezaliwa Quebec mwaka 1907, akasoma jiolojia hadi shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Alikuja upande huu wa dunia mwaka 1934, akafanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha akaingia Tanganyika kufanya kazi kwenye machimbo ya almasi ya Mabuki, kusini mwa Mwanza. Baadaye akaendelea peke yake, kwa madeni na homa, akizunguka Usukumani kutafuta mwamba ambamo mawe ya kule yalikuwa yametokea. Mwaka 1940 akaupata Mwadui. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni ile ya gari lililokwama na almasi iliyookotwa chini ya mbuyu. Mbuyu haujakosa kusimama mahali pake katika hadithi hiyo, na namwelewa aliyeupanda: mti mnene wenye sura ya uzee, jiwe dogo linalometa, mtu aliyekata tamaa. Ungekuwa mwandishi wa mchezo ungeomba nini zaidi?

Isitoshe mtu mwenyewe aliumbika kwa ajili ya skrini. Mseja, mwenye haya, mpenda vitabu, mvutaji sigara asiyepumzika. Alipata utajiri ambao wafalme wangeuonea wivu, akabaki kuishi palepale mgodini, ndani ya uzio wake, katikati ya migunga na mashamba ya pamba. Kampuni ya De Beers, iliyokuwa imezoea kuwatia wachimbaji wote wa almasi katika kapu moja, ilimbembeleza na kumbana kwa miaka, na mara kadhaa alizuia mawe yake yasiende sokoni mpaka apate masharti aliyoyataka. Kansa ya koo ikamuua Januari 1958, hajatimiza miaka 51. Akazikwa Mwadui. Mwaka huohuo mgodi ukauzwa, nusu kwa De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika. Hapo una sehemu sita za tamthilia bila jasho: upweke, bahati, jitu kubwa linalompiga vita mtu mdogo, kifo cha mapema. Mimi mwenyewe ningeitazama, na pengine ningemwonea huruma palepale mwandishi alipotaka nimwonee.

Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwanza alikuwako wakili mwenye asili ya India, Iqbal Chand Chopra, aliyemsaidia Williamson kwa fedha na sheria wakati hakuna benki iliyomwamini, akawa mshirika wake katika kampuni. Msomaji wa historia ya Mwadui hawezi kumkwepa. Mwandishi wa tamthilia atatamani kumkwepa, kwa kuwa Chopra anaiharibu picha ya rangi mbili. Mzungu na Mwafrika ni hadithi ambayo watazamaji wa London wameshajua waielekeze wapi huruma yao. Ukimleta wakili Mhindi wa mji wa kando ya ziwa, mwenye ofisi, mafaili na akili ya biashara, inabidi ueleze Tanganyika yenyewe ilivyokuwa: nchi iliyokabidhiwa Waingereza na Shirikisho la Mataifa baada ya Wajerumani kushindwa, yenye madaraja yake ya watu, yenye duka la Mhindi, boma la Mwingereza na kibarua aliyetoka kijijini kutafuta fedha ya kodi ya kichwa. Sehemu sita hazitoshi. Na mwenye fedha za kutengenezea hapendi kuelezwa mambo.

BBC iliwahi kujaribu kwa nia nzuri. Mwaka 1996 ilitoa Rhodes, tamthilia ya sehemu 8 kuhusu Cecil Rhodes na almasi za Kimberley, Martin Shaw akiigiza mwenyewe Rhodes. Haikutengenezwa kumsifu, ilimwonyesha mroho, mlaghai, mwenye kiu ya ardhi isiyokatika. Hata hivyo fremu ilibaki yake. Tulimlaani tukiwa tumemkazia macho. Ndiyo shida ninayoiona katika tamthilia nyingi za toba zinazotoka Ulaya siku hizi: anayehukumiwa hupewa kiti cha mbele, taa na maneno mengi, na aliyedhulumiwa hupewa huruma na sekunde chache. Laana nayo ni aina ya kumtazama mtu.

Mwaka 1947 ungestahili sehemu yake peke yake. Oktoba mwaka huo lilipatikana Mwadui jiwe la waridi la karati 54.5, na wiki chache baadaye, Novemba, Princess Elizabeth wa Uingereza alikuwa anaolewa. Williamson akampa zawadi ya harusi. Mwaka uliofuata lilichongwa London, na lilipotoka kwa wachongaji lilikuwa na karati 23.6, zaidi ya nusu ya jiwe iliondoka katika kuchongwa. Mwaka 1953 Cartier wakaliweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua, na malkia akalivaa kifuani kwa miaka mingi ya utawala wake. Mwaka huohuo wa 1947, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, mwandishi wa matangazo aitwaye Frances Gerety aliiandikia De Beers tangazo lililowafundisha Wamarekani kwamba almasi ni ya milele, na kwamba posa isiyo na pete ya almasi haijakamilika. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; nadhani hawakukutana na wafanyabiashara wa almasi, ambao walikitembeza kizuri dunia nzima mpaka watu wakaamini kilikuja chenyewe. Ukiyaweka matukio haya mawili meza moja unaona kamera ilikuwa inafanya kazi tangu kale. Picha ya bibi harusi, picha ya pete, picha ya jiwe juu ya mahameli. Kila picha ilihitaji jiwe liwe limeanzia kwenye mahameli. Maji ya tope ya Mwadui hayakutakiwa humo.

Kuna jambo moja la kiwandani ambalo lingekuwa picha tamu kuliko mahameli, na silioni likionyeshwa. Almasi haipendi maji, hupenda mafuta. Kwa hiyo katika migodi ya zamani changarawe nzito iliyokwisha kuchekechwa ilipitishwa pamoja na maji juu ya meza iliyopakwa grisi nene. Mawe mengine yote yalilowa, yakateleza, yakaenda zake. Almasi, iliyokataa kulowa, ilinasa kwenye grisi na kubaki imeng'ang'ania. Baadaye grisi ilikwanguliwa na kuyeyushwa motoni, mawe yakabaki chini ya sufuria. Utajiri wa wafalme ulipitia kwenye grisi na moto kabla ya kufika kwenye vidole vya maarusi, na mikono iliyokwangua ilinuka mafuta siku nzima.

Ningeombwa kuchagua mjiolojia wa kumtengenezea tamthilia, nisingemchagua Williamson. Ningemchukua Joseph Thomson, Mskoti aliyekuja Zanzibar mwaka 1879 akiwa na miaka ishirini tu, msaidizi wa Keith Johnston katika safari ya kwenda maziwa makuu. Johnston akafa njiani, kijana akabaki na msafara. Akaufikisha na kuurudisha, naye kiongozi wa wapagazi akiwa James Chuma, yuleyule aliyeubeba mwili wa Livingstone pamoja na Susi hadi pwani. Jambo hilo lingetosha tamthilia, ila linalonivuta ni lililofuata. Mwaka 1881 Sultani Barghash bin Said alimwajiri Thomson aende Ruvuma kuchunguza habari za makaa ya mawe. Barghash alikuwa mtawala wa zama mpya: mwenye meli za moshi, mwenye mabomba ya maji mjini, aliyejua kwamba anayemiliki makaa ya mawe hatakuwa mtumwa wa bei za wengine. Huyu hapa mjiolojia wa Kizungu katika Afrika ya karne ya kumi na tisa ambaye bwana wake si London, ni Unguja. Akaenda, akapanda mto, akachunguza, akarudi kusema hakuna makaa ya mawe ya maana. Kuna mwamba mweusi wenye mafuta kidogo, usiofaa kitu. Sultani hakufurahi hata chembe.

Nawaza kikao hicho. Mtawala ambaye wageni wanamzunguka, kila mmoja anataka kipande cha pwani yake, na kijana huyu anamwambia kwamba ardhi haina alichokitarajia. Sultani afikirie nini? Kwamba hakipo, au kwamba kipo na mgeni amekificha kwa ajili ya wakwao? Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema, na Barghash alikuwa ameonja wageni wengi bila kupona. Hapo ndipo sayansi ya mawe inapoonekana ilivyo hasa: ni suala la kumwamini mtu aliyekwenda mahali usipokwenda, aliyeona usichoweza kuona, na anayerudi na neno. Na sehemu kubwa ya neno hilo, katika historia yote ya kazi hii, imekuwa hapana. Mjiolojia mzuri ni mtu ambaye amesema hapana mara nyingi na kwa usahihi. Tamthilia gani itakayomvumilia shujaa asiyepata kitu? Ingawa, kwa kejeli ambayo mwandishi yeyote angeililia, makaa ya mawe kusini yako. Yanachimbwa leo Ngaka, wilayani Mbinga, katika mkoa ambao jina lake ni Ruvuma. Thomson hakudanganya. Alitumwa upande usiokuwa nayo.

Kuna ramani ninayopenda kuitazama, ramani ya jiolojia ya nchi hii. Waingereza walianzisha idara ya uchunguzi wa miamba ya Tanganyika mwaka 1925, makao yake yakawa Dodoma, na mpaka leo taasisi ya jiolojia ya taifa iko huko. Ramani za namna hiyo ni nzuri ajabu: itale imepakwa rangi ya waridi, miamba ya kale ya kijani imepakwa kijani, mchanga wa maziwa yaliyokauka njano. Mtu angeweza kuitundika ukutani kwa uzuri wake. Vijiji vikiwemo ni nukta za kumsaidia msomaji asipotee. Ngitili, zile nyasi ambazo Wasukuma huzitenga kwa ajili ya ng'ombe wa kiangazi, hazina rangi yake. Makaburi hayana. Mjiolojia wa kikoloni hakuhitaji kuwa mtu mwovu ili ardhi iwe tupu. Kalamu yake ya rangi ilitosha. Aliangalia chini ya miguu ya watu, na ukiangalia chini ya miguu ya mtu kwa muda mrefu humwoni tena.

Na muda wenyewe wa mawe unamsaidia kutowaona. Mwamba wa Mwadui ulilipuka kutoka ndani ya dunia kama miaka milioni 50 iliyopita, kabla ya kuwapo mtu yeyote wa kuukimbia. Almasi zilizobebwa humo ni kongwe kuliko mlipuko wenyewe kwa mbali sana. Aghalabu almasi za namna hiyo huhesabiwa kwa mabilioni ya miaka, na ziliumbika kwenye kina kinachozidi kilomita 150. Mbele ya hesabu hizo utawala wote wa kikoloni Tanganyika, kutoka karatasi za Carl Peters hadi Desemba 1961, haufikii hata kupepesa kwa jicho. Watu wa mawe hupenda kutukumbusha hivyo, nami huburudika kusikia, kisha hushtuka. Faraja hiyo ina mlango wa nyuma. Mtu akiizoea sana miaka milioni 50 anaweza kumtazama kibarua aliyepoteza shamba mwaka 1941 na kuona kelele ndogo. Jiwe lina haki ya kutojali. Mwenye kulipima hana.

Kusini, Lindi, iko kumbukumbu inayonipa moyo kidogo. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuiacha nchi hiyo na njaa na mahame. Mamia ya watu walichimba, na wapagazi wakabeba mifupa hiyo vichwani hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa, jumla ya zaidi ya tani 200. Mfupa mmoja mmoja ukaunganishwa Berlin, na mwaka 1937 mnyama akasimamishwa katika jumba la makumbusho, urefu wake unapita mita 13. Viongozi wa msafara walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, ila jina linalojirudia kwenye maandishi yao ni la msimamizi wao, Boheti bin Amrani, aliyejua kuutambua mfupa ndani ya udongo, kuukinga na kuufunga usivunjike, kuwagawa watu na kuwafundisha. Ni jina moja kati ya mamia. Limebaki kwa sababu wale aliowafanyia kazi walishindwa kueleza kazi yao bila kumtaja. Nikiona mwigizaji akipewa nafasi ya Boheti, iwe hivyo kwa sehemu nane mfululizo, Janensch akipita nyuma ya bega lake katika ukungu na daftari lake, nitanunua king'amuzi kipya siku hiyohiyo.

Kwetu sisi televisheni yenyewe ni ya juzi. Zanzibar walikuwa nayo mapema, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulisubiri hadi 1994. Williamson aliishi na kufa, mgodi ukabadilisha wenyewe, pasipo picha hata moja ya hayo kuingia sebuleni kwa mtu wa Shinyanga. Tulipopata vioo, wenye hadithi za kale walikuwa wengine. Leo nyumba nyingi zinamjua sultani wa Istanbul, wake zake na fitina za wapishi wake, kwa kuwa tamthilia za Kituruki zimetiwa sauti za Kiswahili, tena kwa ustadi; nazitazama na mimi, sijifanyi. Mwadui watu wa rika langu tumeijua zaidi kwa timu ya mpira iliyocheza Ligi Kuu. Siwalaumu watengenezaji wetu. Tamthilia ya kihistoria hula fedha: gari la mwaka 1938 linalowaka, kofia, bunduki, sare za askari wa boma, barabara isiyo na nguzo ya simu. Lakini chekecheke ni rahisi. Ndoo ni rahisi. Kisukuma cha shimoni na Kiswahili cha kibarua, chenye matusi yake na mizaha yake ya utani, hakihitaji kukodiwa kutoka ng'ambo. Sijui kama tumewahi kufikiri kwamba upande wa hadithi ulio nafuu ndio ule ambao hakuna mtu amewahi kuusimulia.

Tamthilia hiyo ya Mwadui isingeishia 1958. Serikali iliuchukua mgodi katika miaka ya 1970, De Beers wakarudi mwaka 1994 wakiwa na asilimia 75, na mwaka 2009 sehemu yao ikaingia mikononi mwa kampuni ya Petra. Mwaka 2017 shehena ya almasi za Mwadui ilizuiwa uwanja wa ndege Dar es Salaam kwa madai kwamba thamani yake imetajwa pungufu. Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulipasuka, na mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa yakafunika mashamba na kuingia ndani ya nyumba za watu. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Hong Kong, jiwe jingine la waridi la Mwadui lenye karati 11.15 lilikuwa limenadiwa kwa zaidi ya dola milioni 57, likiwa na jina la Williamson ndani ya jina lake. Na nje ya uzio, Maganzo, kuna vijana wanaoitwa wabeshi, wanaoingia usiku kutafuta changarawe yenye almasi, na baadhi yao wamerudi na majeraha mabaya, wengine hawakurudi. Kijana wa Maganzo hufanya kilekile alichokifanya yule mjiolojia wa kaptula: anatembea nyikani, anapiga goti, anachota changarawe, anainama kuitazama. Mmoja alikuwa na leseni ya serikali ya kigeni iliyokabidhiwa nchi isiyo yake. Mwingine hana leseni yoyote, na baba wa babu yake pengine alishika ndoo. Mwandishi akitaka kujua tamthilia yake ni ya nani, aiweke kamera yake moja kwa moja kati ya hao wawili, asiisogeze.

Jambo la mwisho ni la wenye fani. Tamthilia yoyote ikiisha, majina hupanda kwenye kioo, na wengi wetu tunakimbilia rimoti. Mimi huyasoma. Yumo aliyeendesha lori, aliyeshika waya wa sauti, aliyepika chakula cha waigizaji, aliyepaka vumbi la bandia kwenye viatu vya mjiolojia, aliyefunza punda. Vyama vya wafanyakazi wa filamu vilipigania majina hayo, na si rahisi mtengenezaji kuyaruka. Ripoti za jiolojia za enzi ile nilizopata kuzifungua huishia kwenye ramani na jedwali la madini: ganeti kiasi hiki, ilmenaiti kiasi hiki, zimeokotwa shimo namba fulani. Tamthilia ya Mwadui itakapotengenezwa, aliyeigiza kibarua wa chekecheke, hata asiposema neno, atatajwa jina, na mwenye duka la karibu aliyewauzia soda pia atatajwa, na watalipwa kabla kamera haijafungwa.